Somo la Wafanyakazi: Shamba, Pori na Ardhi Inayoitwa Tupu



Ukitoka Kampala kwenda Jinja kwa barabara kuu, ukiisha kupita mji wa Lugazi utaona miwa kulia na kushoto. Kisha miwa inakwisha na kivuli kinaanza. Hapo umeingia katika msitu wa Mabira. Wengi wetu tumepita njia hiyo ndani ya basi au juu ya lori, tukasimama pale Najjembe kununua kuku wa kuchoma, tukaendelea na safari yetu.

Ni wachache kati yetu waliojiuliza: ardhi ile ya miwa na ardhi hii ya miti, tofauti yake hasa ni nini? Swali hili laonekana dogo, kama la mtoto wa shule. Mtu atajibu upesi, "Ile ni shamba, hii ni pori." Lakini katika nchi yetu jibu la swali hilo limeamua nani apate ardhi na nani awe kibarua. Na mwaka 2007 watu walikufa katika mitaa ya Kampala kwa sababu yake. Ndiyo maana tumeliweka katika masomo yetu. Msomeni pamoja katika matawi, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

1. SHAMBA NI KAZI

Hakuna shamba lililoumbwa likiwa shamba. Kwanza alikuja mtu na panga akafyeka. Akaja mwingine na shoka akaangusha miti. Visiki vikang'olewa, majani yakachomwa, jembe likaingia. Mwingine akachimba mitaro ya maji, mwingine akapanda, mwingine akapalilia mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu. Siku hizi kazi nyingine hufanywa na trekta, lakini trekta nalo limetengenezwa na wafanyakazi wa kiwanda fulani, na linaendeshwa na mfanyakazi.

Liache shamba hilo bila palizi, uone litakavyokuwa. Msimu wa kwanza yataota magugu. Baadaye vitakuja vichaka, na baada ya miaka kadhaa miti michanga itaanza kufunika visiki vya zamani. Kwa hiyo tofauti ya kwanza ni hii: shamba haliwezi kuendelea kuwa shamba bila kazi ya mtu. Pori laweza kuishi lenyewe.

Basi ukisikia shamba fulani lina thamani kubwa, uliza thamani hiyo imetoka wapi. Sehemu yake ni udongo na mvua, ambavyo hakuna binadamu aliyevitengeneza. Sehemu nyingine ni jasho. Tangu miaka ya 1920 maelfu ya watu kutoka Rwanda na Burundi walivuka mpaka, wengi kwa miguu, kuja kutafuta kazi Buganda. Wengine walitoka West Nile na Kigezi. Wengi wa watu hao hawakuacha majina yao katika hati yoyote ya ardhi, lakini mashamba wanayolima wajukuu wao mpaka leo ni kazi ya mikono yao.

2. PORI NALO LINA KAZI YAKE

Lakini tusikosee tukadhani kwamba pori limelala tu. Ingia msituni ufukue majani kwa mguu. Juu utakuta majani makavu. Chini yake kuna majani yaliyooza nusu, yenye uyoga na wadudu. Chini zaidi kuna udongo mweusi uliojaa mizizi myembamba. Jani likianguka linaoza, likioza linakuwa chakula cha mzizi, na mzizi unakirudisha chakula hicho juu kuwa jani jipya. Chakula cha udongo kinazunguka mle mle, hakitoki nje.

Mvua nayo ikinyesha msituni haipigi ardhi moja kwa moja. Inapiga majani kwanza, inadondoka polepole, inanywewa na udongo laini. Kwa sababu hiyo vijito vinavyoanzia msituni huwa na maji hata kiangazi, wakati mifereji ya mashambani imekwisha kukauka.

Sasa tazama shamba. Kila lori la miwa linaloingia kiwandani, kila gunia la kahawa, kila kikapu cha majani ya chai, kimechukua sehemu ya chakula cha udongo na kwenda nacho. Kisiporudishwa, udongo unachoka. Ndiyo sababu tunaweka mbolea, na ndiyo sababu viwanda vya sukari hurudisha shambani matope yanayobaki baada ya kuchuja maji ya miwa. Tena, mvua kubwa ikipiga ardhi iliyo wazi kwenye mteremko, udongo wa juu unachukuliwa na maji mpaka bondeni, na udongo huo ulichukua mamia ya miaka kupatikana.

Kwa kifupi, pori hujilisha, shamba hulishwa. Mwenye kusahau kanuni hii hupata hasara hata akiwa na mashine nyingi namna gani.

Jirani zetu wa Tanganyika waliliona jambo hilo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Ilikusudia kulima zaidi ya eka milioni tatu kwa miaka sita. Walileta matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Wataalamu walitazama pori la Ugogo wakaona ardhi tupu inayongoja jembe. Hawakujiuliza kwa nini Wagogo, wenyeji wa siku nyingi, walikuwa wakilichunga mifugo na kulima vipande vidogo tu. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya mashine. Udongo ulipopigwa na jua ulikuwa mgumu kama sakafu, hata karanga zikashindwa kung'oka. Mvua nayo ilikuwa haba, kama wenyeji walivyoizoea siku zote. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36. Pori lile lilikuwa na sababu ya kuwa pori.

3. SI KILA PORI NI PORI

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Neno "pori" tunalitumia kwa vitu vitatu vilivyo mbalimbali, na mara nyingi wajanja wametumia neno hilo moja kutunyang'anya vyote vitatu.

(a) Ardhi iliyopumzishwa. Mkulima wa zamani hakuwa na mbolea ya dukani. Alilima kipande miaka kadhaa, akakiacha kiote majani, akahamia kipande cha pili, kisha akarudi. Huko Buganda wazee walisoma ardhi kwa majani yake: palipoota mabingobingo marefu na manene walijua udongo umepata nguvu tena. Mgeni akipita akaona mabingobingo, atasema hapa hapalimwi. Kumbe hilo ni shamba lenye zamu yake ya kulala.

(b) Mahame. Haya ni mahali walipokaa watu wakaondoka, ama kwa njaa, ama kwa vita, ama kwa maradhi. Mfano mkubwa ni wa pwani ya Ziwa Victoria. Tangu karibu mwaka 1900 ugonjwa wa malale uliwaua watu zaidi ya laki mbili, wengi wao wa Busoga na Buganda. Serikali ya kikoloni, wakati wa Gavana Hesketh Bell, iliwahamisha watu waliosalia kutoka pwani na visiwani ili wawe mbali na mbung'o. Migomba ikamezwa na vichaka. Baada ya miaka mingi, mtu asiyejua habari hiyo angepita kusini mwa Busoga akadhani anaona pori lililokuwako tangu dunia kuumbwa. Kumbe anatembea juu ya makaburi na majiko ya watu.

(c) Pori la asili. Hili ni pori ambalo hakuna mzee anayekumbuka kulimwa kwake. Hata hili halikukosa kutumika. Wenyeji huchukua humo kuni, dawa, asali, kamba na nguzo za nyumba, hunywesha mifugo yao, na pengine wana mahali pao pa ibada.

Mtu atauliza, nitajuaje tofauti? Ziko dalili. Ukikuta vigae vya vyungu, jiwe la kusagia, shina la mgomba lililobaki peke yake, au miti ya mutuba, ambayo Waganda huipanda karibu na nyumba kwa ajili ya nguo za magome, ujue hapo waliishi watu. Hata ndani ya Mabira, ambao wengi huuita msitu usioguswa, ziko sehemu zilizolimwa katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Amin, watu walipoingia kupanda migomba na kahawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliondolewa, na miti ikarudi. Msitu mchanga uliorudi si sawa na ule wa zamani. Mahali pengi umejaa mti wa kigeni uliowahi kuletwa kwa ajili ya kutengenezea karatasi. Jicho lililofundishwa linauona.

Basi shikeni maneno haya matatu, wala msiyachanganye: ardhi isiyolimwa, ardhi isiyotumika, na ardhi isiyo na wenyewe. La kwanza mnaweza kuliona kwa macho. La pili na la tatu hamwezi kuyajua mpaka muulize watu.

4. MKATABA WA 1900

Waingereza waliyachanganya maneno hayo matatu kwa makusudi. Tarehe 10 Machi 1900 Sir Harry Johnston alitia saini mkataba na watawala wa Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto mdogo, kwa hiyo waliosimama mahali pake ni walezi wake wa utawala na machifu. Ardhi ya Buganda ilikadiriwa kuwa maili za mraba 19,600. Maili 8,000 walipewa machifu na watu wakubwa wapatao elfu moja, na hiyo ndiyo asili ya ardhi ya mailo. Maili 9,000 zilizoitwa ardhi kame na isiyolimwa zikawekwa chini ya serikali ya Uingereza. Misitu ya maili 1,500 nayo ikaenda huko huko.

Tazameni hesabu hiyo. Zaidi ya nusu ya nchi ilichukuliwa kwa maneno "isiyolimwa" na "msitu". Hakuna aliyezunguka kuuliza ni kipande gani kimepumzishwa, ni kipi kimeachwa kwa sababu ya vita, ni kipi kina malisho. Na katika maili 8,000 zilizokuwa zikilimwa, mkulima mwenyewe hakupewa hata eka moja kwa jina lake. Aliamka asubuhi akakuta yeye ni mpangaji katika kibanja chake mwenyewe, anatakiwa kulipa busuulu kwa mwenye hati.

Na ardhi ikiisha kuchukuliwa, inahitaji mikono. Mnamo mwaka 1909 ukaanza mpango ulioitwa kasanvu, ambao mwanamume alilazimishwa kwenda kufanya kazi ya serikali kwa ujira mdogo, apende asipende. Uliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kodi ilibaki, na kodi ililipwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kulima pamba au kwa kwenda kuwa kibarua. Hivyo ndivyo tulivyopata jina la wafanyakazi wa mashamba. Jambo la kwanza lilikuwa kuiita ardhi tupu.

5. MABIRA, MWAKA 2007

Wako watakaosema hayo ni mambo ya wakoloni, yamepita. Hayakupita. Msitu wa Mabira una ukubwa wa hekta 30,000 hivi, na ni msitu wa hifadhi. Mwaka 2006 na 2007 serikali ilitaka kutoa hekta 7,100, karibu robo ya msitu, ili zilimwe miwa ya kiwanda cha Lugazi. Sababu zilizotolewa zilikuwa sukari zaidi, kodi zaidi na kazi zaidi.

Tarehe 12 Aprili 2007 watu waliandamana Kampala kuupinga mpango huo. Maandamano yakageuka fujo na watu wakapoteza maisha. Kwa kuwa wenye kampuni ile walikuwa wa asili ya Kihindi, baadhi ya watu walianza kuwashambulia Wahindi wowote waliowakuta njiani, na mtu mmoja aliyekuwa akipita zake aliuawa kwa mawe. Ndugu zangu, lazima tuseme wazi: hilo lilikuwa kosa na aibu. Ugomvi wa ardhi si ugomvi wa rangi. Aliyeuawa hakugawa msitu wala hakutia saini karatasi yoyote. Mfanyakazi anayemwinulia mkono mpita njia amemwacha mwenye kalamu akiwa salama ofisini.

Uongozi wa Buganda na Dayosisi ya Mukono ya Kanisa la Anglikana walijitolea kutoa ardhi mahali pengine ili msitu uachwe. Baadaye mwaka huo huo serikali ilisimamisha mpango. Mwaka 2011 ulifufuliwa kwa maneno, ukapingwa tena. Mabira bado ni msitu wa hifadhi.

Lakini sisi wa chama cha wafanyakazi tuna swali letu. Miwa ikiongezeka, je, kazi haziongezeki? Na kazi si ndiyo tunayoitafuta? Swali hili ni la haki, tusilikwepe. Mwenye watoto watano na mshahara wa kibarua hawezi kuambiwa tu "penda miti".

Jibu letu ni kwamba kazi hupimwa kwa miaka, haipimwi kwa msimu mmoja. Kufyeka msitu huleta vibarua wengi kwa muda mfupi. Baada ya hapo shamba jipya linahitaji mbolea, maana tumekwisha kuona kwamba shamba hulishwa. Linahitaji maji, na vijito vinavyohifadhiwa na msitu ndivyo tutakavyokuwa tumevipunguza. Kiwanda nacho hakiendi bila maji. Wewe wa kiwandani unayesema somo hili ni la watu wa shambani, uliza boila linakunywa maji kiasi gani kwa siku, na maji hayo yanatoka wapi. Tena, mara nyingi mashamba ya zamani hutoa mavuno madogo kwa sababu yamechoka au hayapaliliwi vizuri. Kuyatengeneza hayo ni kazi pia, na ni kazi ya kudumu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

6. SHERIA INASEMAJE SIKU HIZI

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 237, yasema ardhi ya Uganda ni mali ya raia wa Uganda. Maziwa ya asili, mito, maeneo ya maji na majani, misitu ya hifadhi na mbuga za wanyama, serikali inavishika kwa dhamana tu, kwa niaba ya wananchi wote. Mwenye dhamana si mwenye mali. Yeye ni kama mweka hazina wa tawi letu: fedha ziko mkononi mwake, lakini si zake.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 nayo yamlinda mtu aliyekaa juu ya ardhi na kuitumia miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo, bila kupingwa na mwenye hati. Angalieni, sheria inataja kuitumia. Haikusema lazima awe ameilima kila mwaka. Sheria hiyo hiyo inaruhusu mwenye ardhi ya kimila kuomba hati ya umiliki wa kimila.

Wengi wetu tumeacha kipande cha ardhi kijijini, nasi tunaishi katika kambi za kampuni miaka nenda miaka rudi. Kipande hicho kikiota majani, jirani au tajiri atakiita pori. Kwa hiyo:

Kwanza, panda miti ya mpaka, na uipande mbele ya majirani na wazee.

Pili, ukiwa na kibanja, lipa busuulu na utunze risiti zote mahali pakavu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tatu, ukienda likizo, tembea mipaka yako pamoja na mkeo au mumeo na watoto. Wengi wamepoteza ardhi kwa sababu aliyejua mpaka alikuwa mmoja tu, naye akafa kazini.

Nne, ukiambiwa utie saini au kidole gumba katika karatasi ya ardhi, usikubali kabla hujasomewa na mtu unayemwamini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Katika shamba unalofanyia kazi, ni nani walifyeka mara ya kwanza? Waulizeni wafanyakazi wa zamani waliostaafu, na mwandike majibu yao.

2. Tajeni kipande kimoja cha ardhi kilicho karibu nanyi kinachoitwa pori. Je, ni ardhi iliyopumzishwa, ni mahame, au ni pori la asili? Dalili zake ni zipi?

3. Maji ya kambi yenu na ya kiwanda chenu yanaanzia wapi? Chanzo hicho kikilimwa, itakuwaje?

4. Kampuni ikisema itapanua shamba katika ardhi "tupu", tawi liulize mambo gani kabla ya kushangilia? Anzeni na haya: nani anachunga au kuchanja kuni hapo sasa? Kazi za kudumu zitakuwa ngapi, na za vibarua ngapi? Mashamba ya zamani yametunzwa sawasawa?

Tawi litakalokusanya majibu ya swali la kwanza liyapeleke kwa mhariri wa taarifa yetu, maana historia ya mashamba haya imeandikwa na wenye hati peke yao, nasi tuliolima hatujaandika.

Umoja ni nguvu.